Mwanza 1889: ziwa, mfalme mkimbizi na dadu ya pande ishirini

Majaribio yamekwisha, bumu bado halijaingia, na mtu akikosa hela kinachobaki ni maneno. Kwa hiyo leo ni maneno tu, tena marefu, chukua kiti kabisa.

Swali la leo: ukiambiwa uchague sehemu moja na mwaka mmoja katika historia, ukakae huko usiku kadhaa ukiwa mtu mwingine, ungechagua wapi? Wengi mtasema Roma, Misri ya mafarao, au ile Ulaya ya majumba ya mawe na watu waliovaa vyuma kama masufuria. Mimi jibu langu lipo hapa hapa, unaliona ukipanda mlima wowote wa Mwanza na kugeuza shingo. Nitajaribu kuwashawishi.

Nimeulizwa hivyo kwa sababu kuna washikaji hapa hosteli wanacheza ile michezo ya kuvaa uhusika mezani. Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Mnakaa wanne mpaka sita. Mmoja ni msimuliaji. Wengine kila mtu ana karatasi yake yenye jina la mhusika wake, nguvu zake, akili zake, na alichobeba kwenye mkoba. Msimuliaji anasema: mmefika mtoni, daraja limekatika, nyuma kuna watu wanawafukuza, mnafanyaje? Unasema unachofanya, unarusha dadu, dadu inaamua kama umefaulu au umeloa. Hakuna bao la ushindi, hadithi inaendelea wiki hata wiki. Ni kama ngano za bibi, ila humu wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kumwambia sungura asipite njia ile, kuna fisi.

Mizizi ya mchezo ni ya kijeshi. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa wake vita kwa ramani, vipande vya rangi na dadu. Miaka 150 baadaye, 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, wakatoa Dungeons & Dragons, ambapo badala ya kusogeza kikosi kizima unakuwa mtu mmoja. Na sikilizeni hii: Gygax aliutolea mchezo huo nyumbani kwake Lake Geneva, mji mdogo kando ya ziwa huko Wisconsin. Kumbe hata wao ni watu wa ziwani!

Sasa mchezo wa namna hii hauwi mtamu bila mandhari. Mandhari ile ile tuliyofundishwa kwenye Fasihi, tukaiandika kwenye mtihani mstari mmoja na kusonga mbele. Humu mandhari ndiyo kila kitu. Gygax alikuwa na ulimwengu wake ulioitwa Greyhawk, Arneson alikuwa na Blackmoor. Mwaka 1975 msomi wa lugha, M. A. R. Barker, akatoa ulimwengu wa Tékumel wenye lugha zake, miungu yake na vyeo vyake, hauna harufu ya Ulaya hata kidogo. Watu wakaona kumbe inawezekana.

Na sisi tumo? Tumo, ila angalia tulivyowekwa. Mwaka 1984 ilitoka safari moja maarufu sana ya mchezo wa kutisha Call of Cthulhu, inaitwa Masks of Nyarlathotep. Wahusika wanazunguka New York, London, Cairo, kisha wanafika Kenya ya mwaka 1925. Wanapita Mombasa, wanapita Nairobi, na kinachowangoja ni ibada ya kutisha huko mlimani. Mwaka 2002 kikatoka kitabu cha Nyambe, ulimwengu wa kubuni uliotokana na Afrika, kazi ya heshima, lakini nayo imeandikwa Marekani kwa ajili ya wachezaji wa kule. Yaani mpaka leo kijana wa Kirumba akitaka kucheza Afrika, anaikuta imeshapikwa na mtu mwingine.

Basi tupike wenyewe. Kwa ninavyoona, mandhari nzuri inataka vitu vinne: ramani yenye sehemu usizozijua, njia ya kusafiri yenye hatari, watu wengi wenye haja zinazogongana, na sheria ambazo hata mfalme hawezi kuzivunja. Tupime ziwa kwa vipimo hivyo.

Ramani kwanza. Ziwa ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lina Ukerewe, lina Ukara ambako watu wamebanana wakalima mpaka kwenye mawe kwa samadi, lina Rubondo na msitu wake, lina Bumbire, na juu kaskazini visiwa vya Ssese. Hata jina lake halikuwa moja. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliliita bahari ya Ukerewe, Waganda Nalubaale, Wajaluo Namlolwe. John Speke alipolifikia hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 aliona pembe moja tu ya kusini, akalipa jina la malkia wake na kutangaza kwamba Nile inatoka humu. Mwenzake Burton alikataa. Wakapangiwa mdahalo mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864, na siku moja kabla yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Hebu niambie mwandishi gani wa michezo angethubutu kubuni hiyo.

Njia ya kusafiri ni maji. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, na radi za ziwani zinapenda usiku na alfajiri. Mvuvi yeyote wa dagaa anaijua hesabu hiyo bila kuisoma. Mitumbwi ya Buganda ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, mbele imetokeza shingo iliyopambwa pembe na manyoya, na kabaka aliweza kuita mamia yake kwa vita. Nchi kavu kuna njia ya misafara kwenda Tabora mpaka Bagamoyo, miezi na miezi kwa miguu, na mizigo iko vichwani na mabegani mwa Wasukuma na Wanyamwezi.

Sheria je? Usukuma ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake, na mtemi alibeba dhamana ya mvua. Mvua ikigoma, kiti kinatikisika. Kuna Bayeye, chama cha watu wa nyoka, wenye dawa zao na siri zao za kuingizwa chamani. Kuna Banunguli, wawindaji wa nungunungu, wanaomfuata mnyama mpaka ndani ya shimo. Wachezaji wa Dungeons & Dragons wanavumbua vyama vya kubuni vya wachawi na wezi, sisi tunavyo vya kweli na ngoma zake juu. Ukienda Bujora siku za Bulabo utawakuta Bagika na Bagalu wanashindana mpaka vumbi linaziba jua. Na Ssese, kwenye kisiwa cha Bubembe, palikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye hata makabaka walimpelekea zawadi.

Limebaki la haja zinazogongana. Hapo ndipo ninapochagua mwaka: 1889. Twende taratibu, maana hii hadithi hatuisimulii vya kutosha, tunadhani ni ya Waganda peke yao wakati nusu yake imetokea upande wetu.

Kabaka Mwanga wa Buganda alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana mdogo. Kati ya 1885 na 1887 aliwaua vijana Wakristo wa jumba lake, wengi wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hao ndio Mashahidi wa Uganda. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu wakaungana, wakampindua. Mwezi mmoja baadaye Waislamu wakawatimua Wakristo, na wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakapakiwa kwenye boti moja kuja kusini. Njiani kiboko akaitoboa boti, baadhi ya vijana waliokuwa nao wakazama.

Mwanga naye alikuwa ameshakimbia kwa mtumbwi. Akaja wapi? Magu! Magu hii hii unayoipita ukienda Musoma. Wafanyabiashara Waarabu wakampokea, lakini maisha yakawa ya mateka, mali yake ikamwisha mikononi mwao. Akatoroka, akaja Bukumbi, si mbali na hapa, kwenye misheni ya Mapadre Weupe iliyoanzishwa mwaka 1883. Akabisha hodi kwa watu ambao waumini wao aliwachoma moto miaka miwili nyuma.

Na wakamfungulia.

Mimi hapo ndipo ninaposimamisha kitabu. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alikuwa amewafundisha wale vijana dini, aliwajua kwa majina. Sasa muuaji wao anakula meza moja naye. Ni huruma? Ni hesabu za siasa, maana mfalme aliyeangushwa ni mtaji? Inawezekana ni vyote viwili, na inawezekana wenyewe hawakujua mpaka wa hiki na kile. Huku nyuma wakimbizi Wakristo waliokuwa Nkore wakatuma ujumbe: rudi utuongoze. Yaani watu aliowaua ndugu zao wanamwomba awe mfalme wao tena!

Ongeza wengine mezani. Usambiro, mwisho wa ziwa huko kusini, yuko Alexander Mackay, Mskoti fundi wa kila kitu, anagonga chuma na kuunda boti. Yuko Charles Stokes, Muayalandi aliyekuja kama mmisionari akaacha, akaoa huku, akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Stokes ndiye aliyempakia Mwanga kwenye boti yake mwaka 1889, wakavuka mpaka Ssese, na watu wa Ssese wakampa mitumbwi. (Huyo Stokes alinyongwa na ofisa wa Kibelgiji huko Kongo mwaka 1895, lakini hiyo ni safari nyingine.) Mwishoni mwa Agosti Stanley na Emin Pasha wanapita Usambiro na msafara wao kwenda pwani, wanapumzika, wanaondoka zao. Huko pwani kwenyewe Abushiri anapigana na Wajerumani tangu 1888, kwa hiyo njia ya kutoka imechafuka. Ziwa limefungwa kama chumba ambacho ufunguo umepotea, na ndani yake kuna kila mtu mwenye bunduki, Biblia, Kurani, pembe na mtumbwi.

Jamani, hayo ndiyo mandhari. Sasa gawa karatasi za wahusika, na hapa nawasihi: wakubwa wote niliowataja wasipewe mchezaji. Mwanga, Lourdel, Stokes wabaki kwa msimuliaji. Wachezaji wawe watu ambao vitabu havikuwaandika majina. Mmoja ni mpiga kasia wa Ssese anayejua kusoma upepo na anayemwogopa Mukasa kuliko kabaka. Mwingine ni myeye wa Usukuma mwenye kikapu cha nyoka, anadaiwa na chama chake. Wa tatu ni karani wa mfanyabiashara wa Tabora, anajua kuandika, anajua bei ya kila kitu, na kaka yake yuko kwa Abushiri. Wa nne ni mwanamke wa Ukerewe anayevusha mtama na samaki wakavu, ambaye mumewe alichukuliwa na msafara na hajarudi. Wa tano ni kijana Mganda, Mkristo, rafiki yake aliuawa Namugongo, na leo ameambiwa na padri ampelekee mfalme chakula.

Usiku wa kwanza: mfalme yuko Magu, anataka kutoroka. Mnamsaidia? Rusha dadu.

Mtu ataniuliza vitu vidogo vidogo tutavipata wapi, watu walikula nini, waliposaje, mgeni alipokelewaje. Jibu lipo na limeandikwa na mwenyeji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kitabu kikubwa kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikaa nacho miaka na miaka bila kupata mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikaja kutolewa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye akafariki 1981, kitabu ndiyo kwanza kimetoka. Humo kuna pombe inavyopikwa, dawa zinavyochimbwa, mkwe anavyoheshimiwa, kila kitu. Barker alibuni Tékumel. Kitereza hakubuni, aliokoa. Tofauti hiyo si ndogo.

Sasa nije kwenye jambo gumu, maana bila hili makala yote inakuwa ya kitoto.

Michezo hii ina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mtindo wake wa zamani ni huu: mashujaa wanaingia makazi ya viumbe wa ajabu, wanawaua, wanachukua mali, wanapata alama. Sasa someni kisa cha Bumbire. Stanley alifika Kageyi, mashariki ya hapa, tarehe 27 Februari 1875, na boti yake Lady Alice ilibebwa vipande vipande kutoka pwani. Akalizunguka ziwa kwa siku 57. Aprili, pale Bumbire, wenyeji waliivuta boti nchi kavu na kuchukua makasia, yeye akachomoka kwa risasi. Agosti akarudi makusudi na mitumbwi na bunduki nyingi, akasimama mbali ambako mishale haifiki, akawapiga waliokuwa ufukweni. Kwa maandishi yake mwenyewe walikufa makumi. Hata Uingereza kwenyewe alilaumiwa.

Ukikiandika kisa hicho kwa kanuni za kawaida za mchezo, Stanley amepata alama na watu wa Bumbire ni mazimwi. Ndivyo kitabu chake kinavyosomeka. Kwa hiyo mandhari yetu inahitaji sheria ya kwanza, ya juu kuliko dadu: hakuna watu ambao ni mazimwi. Wachezaji wakifika Bumbire, nusu yao wapewe karatasi za watu wa Bumbire, waione ile boti ngeni inakuja na wao ndio waamue. Hapo utaona swali "kwa nini waliivuta boti?" linapata majibu matano kwa dakika tano, wakati kitabuni lilipata moja tu, kwamba ni wakali.

Sheria ya pili ni ya muda. Kuna vitu vya ziwa hili ambavyo havichezwi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na makaburi yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 ikazama MV Nyerere pale Ukara. Ukikaa meza moja na watu wa Kanda ya Ziwa ni rahisi kumkuta ambaye kwao msiba huo una jina na picha ukutani. Mtu akileta dadu hapo mwambieni aikunje mkekani. Mazungumzo tutafanya, ibada tutafanya, mchezo hapana. Mwaka 1889 umekaa mbali kidogo, tunaweza kuuingia bila kumkanyaga mtu kifuani. Hata hivyo tuingie kwa adabu, maana ile misafara ilibeba pembe na ilibeba binadamu pia, na wajukuu wa waliobebwa tupo.

Kwa nini nahangaika na haya badala ya kusoma? Kwa sababu ndiko kusoma kwenyewe. Darasani historia inakuja ikiwa imeshaiva: taja sababu tano za kuanguka kwa Mwanga, taja matokeo sita. Mpaka unaamini kwamba mambo yalikuwa lazima yawe vile. Mtu wa 1889 hakuwa na orodha. Hakujua kwamba Mwanga atarudi Mengo Oktoba, atafukuzwa tena, atarudi tena Februari 1890. Hakujua kwamba mwezi huo huo Mackay atakufa kwa homa Usambiro. Hakujua kwamba tarehe 1 Julai 1890 wazee wa Ulaya watapiga mstari katikati ya maji, digrii 1 kusini, kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza, wala hawakumuuliza mpiga kasia hata mmoja. Hakujua sotoka iko njiani kumaliza ng'ombe. Alichokuwa nacho ni leo yake, hofu yake na watu aliowapenda. Mchezo unakurudisha hapo. Ukishakaa usiku watatu kwenye nafasi ya yule kijana anayepeleka sahani kwa muuaji wa rafiki yake, hutaandika tena "wamisionari walimpokea Mwanga" kwa mstari mmoja na kusonga mbele.

Nimalizie na kipande cha mwisho, kwa sababu Mwanga na Mwanza hawakuishia hapo. Mwaka 1897 alipigana na Waingereza Buddu, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, nao wakamweka wapi? Mwanza. Akatoroka tena, akaenda kujiunga na Kabalega wa Bunyoro, wakakamatwa wote wawili 1899, akafia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mara mbili huyu mtu alikuja kwetu akiwa hana kitu, mara mbili akaondoka kwenda kujaribu upya. Ziwa lilikuwa na upande wa kushinda na upande wa kujipanga, na sisi tulikuwa upande wa kujipanga. Kwa mwanafunzi asiye na bumu hiyo ni habari njema kabisa.

Haya wadau, mwenye dadu ya pande ishirini aje nayo, asiye nayo tutaandika namba kwenye vipande vya karatasi na kuchanganya kwenye kikombe. Wapiga kasia wanahitajika wawili. Na wewe uliyesoma mpaka hapa niambie: mfalme amebisha hodi Bukumbi usiku, mvua inanyesha, ufunguo uko mkononi mwako. Unafanyaje?

Alamsiki.